Pikipiki Inapumua Vipi

Gakindu, Mukurweini
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako dada Watiri, mwari wa maitu,

Tumsifu Yesu Kristu. Sijui kama mnovisi, mtu bado anajifunza usista, anasalimiwa hivyo ama kuna salamu ingine ya wakubwa, utanisamehe. Mara ya mwisho kuandika barua kwa kalamu nilikuwa darasa la nane, namwandikia mwalimu ati nimekuwa mgonjwa, na ilikuwa uongo. Lakini hao masista wako wamechukua simu yako mwaka mzima, sasa nitafanya nini? Nimeketi hapa steji ya bodaboda, karatasi nimeiweka juu ya kiti ya pikipiki yako, ile uliniachia, na wenzangu wananicheka ati naandikia msichana.

Sisi tuko salama. Mama yetu, Maitu, hajambo, ng'ombe hajambo. Maitu ameshachagua kitambaa ya wamama wa jumuiya watavaa siku ya nadhiri zako, tarehe kumi na tano Agosti. Ni ya samawati na maua nyeupe. Wamama ni ishirini na nane, na wote wameshapimwa na fundi wa nguo. Hata ukuta ya mbele Maitu amepaka rangi, ati wageni wasione vile nyumba iko.

Sasa maneno yenyewe. Pikipiki haipandi mlima. Tangu Krismasi, nikibeba abiria mmoja na gunia moja ya kahawa kupeleka kiwandani, inanguruma tu na haiendi, na nyuma inatoa moshi nyeusi mpaka watoto wanashika pua. Nimeuliza mafundi watatu. Kingori, yule mlikuwa mnafanya kazi pamoja pale gereji ya Gatitu, anasema tung'oe boksi yote ya klina ya hewa chini ya kiti, ile ya kuchuja vumbi, tuweke koni nyekundu ya wazi, injini ivute hewa vile inataka. Gatimu wa Sagana anasema koni ni ya vijana wa kujionyesha. Yeye atanichomelea bomba ipande kando ya tangi, ivute hewa ya juu pahali vumbi haifiki. Halafu kuna Hafiz wa duka ya spea hapo Nyeri mjini. Hafiz anasema nunua boksi ya kawaida na sponji mpya, wacha mchezo, mchagua jembe si mkulima. Kila mtu anaapa. Na mimi kila mtu namwambia ndiyo. Kichwa yangu imejaa, sijui nani ni nani.

Kitu ingine. Chama cha maziwa kinatafuta mtu wa kubeba maziwa kila asubuhi kutoka hapa mpaka kwa tangi la baridi, kazi ya mwaka mzima, si hii ya kungoja abiria kwa mvua. Wamenikubali! Lakini wanataka pikipiki iwe kwa jina ya mwenye anaiendesha, kabla Juni iishe. Ndani ya bahasha utapata karatasi ya kukabidhi. Chifu ameshagonga muhuri, imebaki sahihi yako tu, na mambo ya kompyuta saiba itamaliza. Wewe mwenyewe ulisema kabla ya nadhiri kila mtu anaachana na mali yake. Basi achana na hii, niko tayari.

Nijibu haraka. Koni, bomba ama boksi?

Ndugu yako,
Ngatia


Nyumba ya Malezi, Mweiga
20 Februari 2025

Ngatia,

Milele na milele, amina. Salamu ni hiyo hiyo, hakuna ya wakubwa.

Barua yako nimeisoma mara nne. Pale pa Maitu na vitambaa nimepasoma mara moja, pa pikipiki mara zote nne.

Usiguse hilo boksi! Kabla hujamsikiliza mtu yeyote, niambie sponji uliisafisha na nini. Nakujua wewe. Uliiosha na petroli, ukailoweka kwenye oili chafu uliyomwaga kutoka kwa injini, ukairudisha ikichuruzika, ukajiita fundi. Sponji ikijaa oili hewa haipiti. Injini inapewa petroli nyingi na hewa kidogo, inasongwa, ndiyo huo moshi. Fungua plagi uitazame, utaikuta nyeusi kama sufuria ya githeri. Huo si ugonjwa wa chujio, ni ugonjwa wa Ngatia.

Osha sponji kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikamue kwa viganja, usiisokote kama blanketi. Ianike kivulini. Ikikauka tia oili safi, kidogo, uikamue tena mpaka mkono wako ubaki na unyevu tu. Ifunge, kisha upande mlima. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini kwa huyu nyoka wako nadhani itatosha.

Kingori nampenda, ila anapenda kelele kuliko injini. Na hilo vumbi la barabara yetu likiingia kwenye koni ya wazi miezi mitatu, silinda itasagika na utakuwa unaendesha jiko la mkaa. Gatimu ana akili, lakini akiona bomba mkono unamwasha. Hafiz anauza na bado anasema kweli. Shika hapo.

Kuhusu karatasi, nimeiweka ndani ya kitabu changu cha sala. Sitamkabidhi pikipiki mtu asiyejua inapumua vipi. Siku utakayonieleza kwa maneno yako mwenyewe hewa inaingilia wapi, inapita wapi na inakutana na petroli wapi, siku hiyo nitatia sahihi.

Hapa kuna baridi ya kukata masikio. Tunaamka saa kumi na moja, tunasali, tunalima kabichi. Sista Murugi, mlezi wetu wa wanovisi, ndiye anayekusanya barua. Ameishika hii mkononi akaniuliza mbona ina kurasa tatu, na ile niliyomwandikia Maitu wiki jana ilikuwa nusu ukurasa. Nimemwambia mambo ya nyumbani ni mengi.

Asubuhi kukiwa na baridi, ukiiwasha, bado inagonga tik-tik upande wa kulia kabla haijapata moto? Nijibu hilo, usisahau.

Dada yako,
Watiri


Gakindu
16 Machi 2025

Mwari wa maitu,

Barua yako ilichelewa siku mbili, ama mimi ndio nilikimbia. Usinipige. Nilikuwa nimeshawekewa koni.

Wee, ungesikia! Siku ya kwanza nimepita sokoni Gakindu watu waligeuka wakafikiri ni lori. Mzee mmoja alitoka kwa kinyozi na povu kwa kidevu. Moshi nyeusi ikaisha. Kutoka hapa kwenda Nyeri ilipanda kama haina mtu juu. Nikasema, Watiri ni dada yangu, lakini kwa hii Kingori amemshinda.

Halafu nikapata abiria wa Sagana. Kushuka nikashuka vizuri. Kufika kule chini, kwa joto, ikaanza kukohoa. Inakata, inashika, inakata. Injini imechemka mpaka abiria ananiuliza kama nguo yake inaungua. Nikapumzika, nikarudi pole pole, kufika Nyeri ikanyamaza kukohoa, ikaenda safi. Sasa nieleze. Juu inakubali na chini inakataa. Hii ni pikipiki ama ni mbuzi? Kingori anasema ni petroli ya Sagana. Gatimu anasema ni Kingori. Juzi mvua imeanza, koni ikanywa maji, nikasukuma pikipiki kilomita mbili nikiimba nyimbo za Kwaresima, kwa sababu nikitukana ningeungama.

Sasa mtihani wako. Nilienda kwa Hafiz akanichorea kwa kipande ya katoni, lakini nakuandikia na maneno yangu, katoni nimeifunika. Hewa inaingilia kwa mdomo ya boksi chini ya kiti. Inapita kwa sponji inaacha vumbi. Inatulia ndani ya boksi kidogo, haiingii kwa fujo. Inapita kwa mpira mpaka kabureta. Hapo ndani kabureta ni nyembamba, hewa inakimbia, na ikikimbia inavuta petroli kupitia kwa tundu ndogo, wanaenda pamoja kwa silinda, plagi inawasha. Hafiz akasema kama ni yeye angenipa tisini kwa mia.

Na ile tik-tik, ndiyo, bado iko, lakini inaisha nikifika kwa kanisa.

Nimepita? Kama nimepita tafadhali tia sahihi, watu wa maziwa wameniuliza tena. Maitu anasema mbona hujamuuliza vile mguu wake mgonjwa uko.

Ngatia


Nyumba ya Malezi, Mweiga
28 Machi 2025

Ngatia,

Umenitia wazimu wewe. Nilikuwa kanisani na badala ya kusali nikawa nawaza vumbi linaingia kwa silinda.

Sikiliza. Petroli ya Sagana haina makosa. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, kule chini ni nzito. Koni inaingiza hewa nyingi kuliko boksi, na tundu la petroli kwenye kabureta ni lile lile la zamani. Huku juu hewa nyepesi ikasawazisha kidogo, ndiyo ukaona imekubali. Ukishuka hewa inazidi, petroli haitoshi, injini inachemka na kukohoa. Ukitaka koni lazima ubadilishe tundu, na ukibadilisha kwa Sagana itakusonga kwa Nyeri. Kwa mtu anayepanda na kushuka kama wewe boksi ndilo jibu. Lilitengenezwa na watu waliokaa chini wakafikiri.

Umejibu vizuri. Nimeisoma ile sehemu ya kabureta kwa wenzangu wakati wa mapumziko, hawakuelewa lakini walipiga makofi.

Ila hujaniambia vali zinafunguka lini. Na mnyororo hujautaja kabisa. Mtu anaweza kujua kupumua na asijue kutembea. Ngoja kwanza.

Jumapili ya tarehe nne Mei ni siku ya wageni. Njoo na Maitu. Njoo na boksi la zamani, sponji mpya kutoka kwa Hafiz, bisibisi na spana namba kumi. Nitaitazama kwa macho yangu. Usimwambie Maitu nimekuagiza spana.

Mguu wake ukoje?

Watiri


Gakindu
7 Mei 2025

Dada,

Mpaka leo sijalala vizuri, na sijui nikuulize nini kwanza.

Maitu aliketi kwa sebule ya masista na chai na mkate, na Sista Murugi, na ile blausi yake ya Pasaka. Ulikaa na yeye muda wa kikombe moja. Halafu ukaniambia nikuonyeshe pikipiki, ukafunga shela nyuma ya shingo, ukakunja mikono ya kanzu nyeupe, ukalala chini kwa nyasi kama zamani pale Gatitu. Koni ukaitoa ukanitupia. Boksi ukaweka, sponji ukainusa kwanza! Mimi nilikuwa nimeshika spana na kucheka. Nilifurahi, nitakuambia ukweli. Nilisema moyoni, huyu ndiye Watiri wetu.

Ukaiwasha, ukaweka sikio. Ukageuza ile skrubu ya kabureta kidogo, robo, robo tena. Tik-tik ikaisha. Halafu ukapanda. Nilifikiri unazunguka nyumba tu. Ukazunguka mara moja, ukapita mbele yangu, ukapita kanisa, ukatoka geti. Ukaenda.

Watiri, ulikaa dakika ishirini. Niliangalia saa. Sista Murugi alitoka akasimama kando yangu. Maitu alitoka pia. Akauliza, "Ameenda wapi?" Sista akasema, "Ameenda kujaribu pikipiki." Maitu akaketi kwa ngazi.

Ukarudi, macho ni nyekundu, ukasema, "Iko sawa, chujio halina neno," ukaenda kunawa mikono. Nikakufuata na karatasi ingine nimebeba, kwa sababu ile ya kwanza ulisema imepotelea kwa kitabu. Ukaipokea, ukaniambia huna kalamu. Ulikuwa na kalamu mbili kwa mfuko ya kanzu, moja ya bluu na moja nyekundu. Niliziona.

Sasa nimefanya nini? Nimejibu maswali. Nimetoa koni. Jana nimesoma vali mpaka saa ya kulala, najua zinafunguka lini, nitakuandikia ukitaka. Pikipiki inapanda mlima vizuri mpaka Gatimu mwenyewe amenyamaza. Kama unaniona mimi bado ni mtoto wa kuharibu vitu, sema tu. Nitaumia lakini nitajua.

Na uniambie, dakika ishirini ulienda wapi?

Ngatia


Nyumba ya Malezi, Mweiga
19 Mei 2025

Kwa Bwana Ngatia,

Amani ya Kristu. Mimi ni Sista Murugi, mlezi wa wanovisi. Dada yako anajua ninakuandikia na hakunikataza, ingawa hajaisoma barua hii.

Mimi si fundi. Nimekulia Othaya kwa majani chai, na gari nililowahi kusukuma ni toroli. Kwa muda mrefu nilidhani ninyi wawili mna mazungumzo ya siri, kwa sababu sijapata kuona ndugu wakiandikiana hivi juu ya sponji. Kisha nikaelewa ni sponji kweli, nikazidi kuchanganyikiwa.

Ulimuuliza ulichokosea. Hajakujibu, basi nitakujibu mimi kwa nilichokiona. Hukukosea chochote. Kila mnovisi hapa, kabla ya nadhiri za kwanza, huandika mali yake itashikwa na nani. Wenzake wanne wameandika tayari. Mmoja ana ng'ombe, mmoja ana cherehani. Watiri ana pikipiki, na kila nikimwita aandike ananiambia, "Sista, ndugu yangu bado hajajua vizuri." Nilimwamini mpaka nilipomwona akitoka geti.

Hakuna anayemfunga hapa. Akitaka kwenda nyumbani nitamsindikiza mwenyewe, na sitamwona kuwa ameanguka. Akitaka kubaki nataka abaki kwa miguu yake miwili. Lakini ana hofu ya kitu fulani huko kwenu, na mara mbili ametaja kitambaa cha samawati. Sijui ni nini. Labda wewe unajua.

Hapa hatuna pikipiki, wala sioni kama tutanunua. Nimemwambia hivyo, asije akabaki kwa kudhani atapewa ya kupelekea dawa vijijini.

Wako katika Bwana,
Sista Murugi


Gakindu
22 Juni 2025

Watiri, mwari wa maitu,

Nimekaa mwezi mzima na barua ya Sista Murugi kwa mfuko. Mimi ni mjinga. Nilifikiri unanipima, kila siku nasoma kabureta nipite mtihani, kumbe swali halikuwa langu.

Nilimsomea Maitu. Niliogopa, lakini nilimsomea yote, hata pale pa kitambaa. Alikuwa anachambua maharagwe. Alichambua mpaka akamaliza. Halafu akasema nikuandikie maneno haya vile yako, nisiongeze. "Mwambie kitambaa ni kitambaa. Wamama watakivaa kwa harusi ya mtoto wa Wambugu. Mwambie mimi sikumzaa nimwonyeshe watu. Akirudi hata kesho, chakula iko." Halafu akalia kidogo, akanifukuza nikakate majani ya ng'ombe.

Watu watasema. Si unawajua? Watasema msichana wa fulani amerudi kutoka kwa masista, nini ilimpata. Wacha waseme! Watasema wiki mbili wachoke, kuna siasa ya kuongea. Mimi mwenye atasema mbele yangu nitamshusha kwa pikipiki atembee.

Na kwa sababu najua hukuwa unajua, nakuambia. Ijumaa nilienda kwa chama cha maziwa nikawaambia sitaleta karatasi. Kazi wamempa Gicheru, yule wa pikipiki ya bluu. Wameandikiana mwaka mzima. Nilirudi nikipita mbali na kiwanda nisionane na mtu. Sikudanganyi, iliniuma, kwa sababu kazi kama hiyo haiji hapa kila mwaka. Lakini sitaki upige sahihi ati kwa sababu mimi nataka kubeba maziwa.

Pikipiki ni yako. Iko kwa jina yako. Nimeiosha, sponji nimeosha na maji ya uvuguvugu, na boksi iko vile uliiacha. Chumba chako nimefagia. Kama unarudi, andika siku tu, nitakuja kukuchukua na usibebe kitu.

Karatasi zangu zote mbili zichome.

Ndugu yako anayekupenda, ingawa sijawahi kukuambia,
Ngatia


Nyumba ya Malezi, Mweiga
6 Julai 2025

Ngatia, ndugu yangu,

Uliuliza nilienda wapi. Nilienda mpaka lami. Pale njia yetu ya vumbi, ya murram, inapokutana na barabara kubwa, kushoto ni Nyeri, kulia ni Nyahururu. Nilisimama, mguu mmoja chini. Injini ilikuwa inaenda vizuri mno, ile sauti ya chini ninayoipenda. Petroli ilikuwepo, uliniletea tangi limejaa. Nikajiambia, Watiri, sasa kata kushoto. Nikangoja moyo unisukume. Haukunisukuma. Nikangoja tena. Gari likapita, dereva akanipungia mkono akashangaa kuona shela. Nikageuza nikarudi, na njiani nikalia kwa sababu sikuelewa kwa nini nimerudi.

Nikadhani nimerudi kwa woga. Wamama ishirini na nane wamepimwa, ukuta umepakwa rangi, nitapita wapi? Na mtu akibaki kwa woga si anadanganya? Basi sikutia sahihi. Nilitaka mlango mmoja ubaki wazi, na mlango wangu ulikuwa ile pikipiki. Kila ulipojibu swali nikakutafutia lingine. Nilikuwa najua unajua. Nisamehe, nilikutesa bure, na nilikuwa nakuona mwerevu muda huo wote.

Kisha barua yako ikaja. Maitu amesema chakula kiko. Chumba kimefagiwa. Sasa hakuna wa kunizuia wala wa kunicheka, njia nyeupe kabisa. Nikakaa nayo bustanini kwenye kabichi nikingoja furaha. Nilikuwa na hakika itakuja. Ngatia, nilichosikia ni hofu kwamba utakuja kunichukua. Nilitaka kukimbia nikamwambie Sista Murugi afunge geti. Ndipo nikajua kule kwenye lami nilirudi kwa sababu nilitaka kurudi, basi, hakukuwa na kitu kingine. Imenichukua miezi miwili na kazi yako kulijua jambo dogo hivyo.

Pikipiki naipenda. Sidhani nitaacha kuipenda. Sista anasema si dhambi, ila nisiifanye ya kila siku.

Kazi ya maziwa nimekupotezea mimi. Nimejaribu kutafuta maneno ya kulipunguza hilo sijayapata. Ni kosa langu, na wewe ndiye umelipia. Nilisema kwa kitubio, na sasa nakuambia wewe.

Karatasi hii hapa. Ya kwanza haikupotea, ilikuwa kwenye Zaburi muda wote. Nimetia sahihi, na nambari ya kitambulisho iko chini.

Sasa usiniulize tena. Koni, bomba, boksi, sijui. Mwenye pikipiki ni wewe.

Mwambie Maitu namwandikia leo barua ndefu, yake mwenyewe.

Dada yako,
Watiri


Gakindu
20 Julai 2025

Watiri,

Karatasi imefika. Nilifungua bahasha nikiwa kwa duka ya Hafiz, nikalia mbele ya wateja. Hafiz akanivuta nyuma ya rafu ya matairi, akanipa chai. Akasema, "Pole sana, kaka." Halafu akasema, "Hongera." Halafu akaniuliza kwani ni gani kati ya hizo mbili. Nikamwambia sijui, akaniongeza sukari.

Nimekukasirikia. Nataka ujue, ili usifikiri mimi ni malaika. Gicheru anapita hapa kila asubuhi na mitungi ya maziwa na lazima apige honi. Nilipoteza ile kazi ndio urudi nyumbani, wewe ukaitumia kubaki. Nikifikiri hivyo nakasirika, nikifikiri vile ulisimama pale lami peke yako hasira inaisha, halafu kesho inarudi. Itaisha. Usiiombee sana, iache iende na mwendo wake.

Maitu alisoma barua yake ndefu akiwa kwa zizi, ng'ombe imengoja kukamuliwa. Hakunionyesha. Jioni alitoa kitambaa akaanza kukata tena, kwa hivyo harusi ya mtoto wa Wambugu itabidi watafute rangi ingine.

Jana sponji ilichanika. Nilienda Nyeri kununua. Hafiz akaweka zote kwa kaunta, boksi, koni, na hata ana bomba siku hizi, Gatimu anamtengenezea. Nikatoa kalamu nikuulize. Nimeandika "Kwako dada," halafu nikasimama na kalamu kwa mkono. Hafiz akafungua mdomo, nikamwambia nyamaza kwanza. Nimesimama pale karibu saa nzima, watu wananunua wananipita. Nikafikiria vumbi yetu, nikafikiria Sagana, nikafikiria mvua. Nikachagua, nikalipa, nikafunga mwenyewe hapo nje na spana namba kumi. Sikwambii ni gani.

Tarehe kumi na tano ukiwa ndani ya kanisa ukisikia pikipiki kwa geti, usitoke. Ni mimi tu, nimemleta Maitu.

Ngatia